Kalisi ya Shaba

Guangzhou, Jumanne, 10 Novemba 1998. Asubuhi mawingu, baridi ya sweta.

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Mimi mzima, ila vumbi la Zhanxi, ninakonunua viatu, limeniachia kikohozi.

Mama, wenzako wameshatoa, lakini Jumapili wewe usitoe pete ya marehemu Baba. Ningepiga simu, lakini simu iko dukani kwa shemeji yako, naye ndiye mwizi mwenyewe.

Kanisani mlitangaziwa kuwa pete na hereni zenu zitayeyushwa huku, ifuliwe kalisi, kikombe cha misa, ya jubilei kama ile ya kwenye kalenda ya mapadre, aliyoifua mtawa wa Ulaya miaka mia nane iliyopita. Baba Mdogo, huyo shemeji yako na mwenyekiti wa kamati yenu ya jubilei, aliniletea picha tu. Dhahabu, hata punje. “Fua ya shaba, ipakwe maji ya dhahabu.” Nikadhani ni sampuli.

Jana niliifuata karakanani, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Mguuni ina bonyeo, ubavuni namba ya makumbusho.

“Bonyeo la nini, laoban?” nikamuuliza bosi.

“Picha ina bonyeo. Ningeliacha, ungekataa mzigo.”

Akanipa kioo cha kukuzia. Maandishi madogo chini ya picha yanasema hiyo yenyewe ni nakala. Ile halisi ya mtawa imefungiwa. Mwenyekiti wenu ameagiza nakala ya nakala! Hata wizi wake ni wa kuigiza.

Nikampigia.

“Baba Mdogo, dhahabu ya akina mama iko wapi?”

“Mwanangu, altareni kinaonekana king'aacho. Mwambie fundi asiandike kitu chini.”

“Na mtu akiigeuza?”

“Nani? Wale wanawake? Kazi yao vigelegele.”

Najua ndiye aliyenilipia ada hadi kidato cha nne. Ndiyo maana najua kusoma maandishi madogo.

Nilimwandikia laoban maneno kwenye karatasi. Kiswahili hajui, lakini hakukosea herufi. Chini ya mguu amechonga: SHABA TUPU. HAMNA PETE HUMU.

Kalisi anakuletea Bi Tatu, mfanyabiashara wa Unguja, pamoja na barua hii; Ijumaa atakuwa kwako. Mpe kiongozi wa akina mama aigeuze mbele ya watu wote, kisha kila mmoja adai chake.

Nisalimie dada anayenilelea wanangu, na shangazi mshonaji. Shemeji yako usimsalimie.

Mwanao,
Felista

Jumatano asubuhi, naongeza: nililala saa saba na dakika ishirini mfululizo, bila dhamiri kunisuta.