Degedege si Ndege

Maktaba ya Afya,
Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Mgongo wako je, umetulia, au bado unaukomoa kwa mifuko ya saruji? Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Kazi yangu unaijua: mtu anauliza jambo la afya kwa simu, mtambo unakusanya kurasa, kisha modeli ya lugha, yaani programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi, inazipanga, ipi ikae juu. Bosi wetu, tunayemwita Bwana Ukubwa, amekodi modeli kubwa ajabu kutoka mbali. Kiswahili chake ni cha kuombea maji.

Juma lililopita mtoto wa kitindamimba wetu alipandwa na homa, akakakamaa, macho yamegeuka. Mama wa watu akatuandikia: mtoto ana degedege, nifanyeje? Juu kabisa akaletewa mafua ya ndege. Chini yake, ushauri kwa wajawazito wanaosafiri kwa ndege! Ukurasa wa degedege ulikuwepo, umezikwa chini asikofika mtu mwenye mtoto mikononi. Bahati jirani yake ni muuguzi. Alimlaza mtoto ubavu na kumkataza mama kumtia kijiko mdomoni. Mpwa wako sasa ni mzima, anavunja vikombe kama kawaida.

Kinachoniudhi ni kwamba mimi na fundi mwenzangu tulishafunza modeli ndogo, Sisimizi, inayotosha ndani ya kompyuta ya ofisini. Tuliilisha maswali ya watu wenyewe, kila swali na ukurasa unaolijibu, pamoja na ule unaofanana nalo kwa maneno tu, ili ijifunze kuukwepa. Ukurasa wa degedege inauweka juu bila kusita. Bwana Ukubwa hakutaka hata kuijaribu. Eti wageni wakija tuwaonyeshe kitu cha kutia mfukoni? Nikamwambia wembamba wa reli, garimoshi hupita juu yake. Akacheka, akarudi kwenye meza yake inayotosha kulaza familia. Upuuzi mtupu.

Jana nilikwenda kwa mdogo wetu, nikamsimulia habari za Sisimizi nikidhani zitamliwaza. Alinisikiliza hadi mwisho, akampakata mwanawe, akauliza taratibu, "Kwa hiyo jibu mlikuwa nalo, dada?"

Kesho nitampeleka ofisini, mtoto mgongoni, akamuulize Bwana Ukubwa mwenyewe. Wakinifukuza, wanifukuze.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na shangazi mwambie miwani yake nimeipata. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Mdogo wako akupendaye, mwenye hasira zake.