Mkufu Ulionipimia Shingoni

Anti Mkawasi,

Kibanda chako cha shanga pale Kaloleni siku hizi kinauza makava ya simu. Nikitoka shule napita njia ya nyuma nisikione. Hiyo ni habari ndogo. Ile kubwa naogopa kuiandika, maana inamhusu binti yako.

Namwonea wivu Mshai. Ni wa tangu zamani, lakini sasa umezidi. Hata kwa mazishi yako alilia vizuri kunishinda. Watu walimshika mabega, mimi nikabaki nyuma nikiosha vikombe.

Wiki iliyopita alikuwa kwa TV, kwenye maonyesho ya mavazi Nairobi. Amevaa ule mkufu. Ule wa mwisho, Anti, wa uzi wa mkonge na kijiwe cha kijani cha machimbo ya huku kwetu Taita. Mtangazaji alipomuuliza, akajibu kwa Kiingereza laini kwamba huo ndio Utaita wake, ndio Ukenya wake, na ameurithi kwa mamake. Wakampigia makofi. Mama yangu naye akapiga. Mimi nilikuwa namjibu kimoyomoyo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Utaita wake? Yeye si ndiye alikuwa akisema mkonge unamwasha? Mimi ndiye nilikuwa nakusokotea. Watalii wakitaka bangili za bendera ulikuwa unawauzia, halafu unaninong'oneza, "Hiyo ni ya kupeleka kwao. Yetu ni ya kuvaa." Kwa mkufu huu bendera uliiweka ndogo, shanga chache nyuma ya shingo, haionekani mpaka mtu ainamishe kichwa.

Na kila jioni ulinizungushia uzi shingoni. "Kaa hapa. Tulia kidogo." Nilidhani unanipima kwa sababu niko karibu tu. Hukusema mkufu ni wa nani, nami nikaona aibu kuuliza. Halafu ukalazwa, na hukurudi.

Jumapili Mshai akaja nao. Alipouvua nikaona amefunga utepe mweusi kwa nyuma, kwa sababu haumtoshi. Nywele ndizo zilizomfichia kwa TV. Akaniambia, "Mum aliukata mfupi. Wewe si unajua hizi vitu? Niongezee kidogo, nitaupitia Jumamosi."

Anti, wewe hukuwahi kukosea kipimo. Nyuzi ulizopimia watu wa nyumbani bado zinaning'inia kwa ule msumari wa jikoni kwetu. Wa Mshai una mafundo mawili, wangu moja. Niliulaza mkufu kando ya uzi wake, ukapungua. Nikaulaza kando ya wangu.

Ukalingana.

Nilifurahi vibaya, ile furaha ya kucheka ndani ya mto ili usisikike. Halafu nikalia. Kumbe ulikuwa umebakisha kuniambia tu.

Kesho ndiyo Jumamosi. Sitaongeza hata ushanga mmoja. Kumweleza sitaweza, unanijua, maneno yatakwama. Lakini utepe nimeshautoa, na akibisha nitamfungulia mlango nikiwa nimeuvaa. Auone unavyokaa. Akiutaka, itabidi auombe kwangu, huku akiniangalia.

Pumzika sasa, Anti wangu. Wewe ulishamaliza kazi yako. Nakuahidi kesho sitainamisha kichwa.

Wako,
Wakesho