Njia ya Kwenda Njombe

Bujora, Kisesa,
Mwanza.
Jumapili, 10 Novemba 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Njombe haijakurudishia kile kikohozi. Huku tunaendelea vizuri. Bibi goti linamsumbua akikaa sana, lakini jana alishinda shambani na hakutaka nimsaidie. Mimi mitihani ya kufunga kidato cha tatu inaanza wiki ijayo.

Ningekupigia, lakini kwenye simu ya Bibi kila neno linasikika uani, na haya ni yako peke yako. Jirani yetu Mzee Okomo anashusha lori la dagaa Makambako Alhamisi. Amekubali kukufikishia barua hii.

Baba, hapa nyumbani hakuna linalozungumzwa ila safari ya kuja kwako Desemba. Nimechora ramani nyuma ya daftari la Jiografia, na kila nikiimaliza naifuta. Jana nilikwenda stendi ya Nyegezi kuuliza. Wakala mmoja alisema kwa basi tutapita Shinyanga na Singida, tulale Dodoma, kisha tuunganishe kupitia Iringa. Akauliza umri wa Bibi. Nilipomwambia sabini na nne, alisema nimkatie kiti cha mbele na nisimpe chai nyingi. Bibi aliposikia hilo la chai, alisema huyo kijana akalelewe upya.

Yeye anataka treni mpaka Dodoma. Anasema treni inamwacha mtu anyooshe goti, na kwamba alipokuwa msichana aliipanda hadi Tabora na kuku watatu, wala hakuna aliyemuuliza. Nilimkumbusha kwamba haifiki Njombe, akajibu kwamba nusu ya raha si haba. Shangazi Winnie alishauri ndege hadi Dar es Salaam. Bibi alikataa, eti anataka kuiona njia yote kwa macho yake, ili siku nyingine aje peke yake bila kumsumbua mtu. Mzee Okomo akamtania kwamba atampakia juu ya magunia, afike kwako ananukia dagaa. Bibi alimjibu kwamba yeye ananuka hivyo miaka yote na mkewe Aluoch hajamkimbia.

Ameshakukaushia kapu zima la michembe, maana anajua viazi vikavu ndivyo chakula chako. Ameshawaaga wenzake wa jumuiya. Na kila siku ananitaka nimsomee tena ujumbe wako wa Septemba, pale unaposema tuje.

Baba, hukusema tuje. Uliandika: "Nipo salama. Mvua bado. Msalimie mama." Nilimsomea yote, naye akaendelea kunitazama mdomoni kama mtu anayesubiri mengine. Ndipo nikaongeza kwamba Desemba tuje kukutembelea, kwamba umetukumbuka. Maneno hayo ni yangu. Tangu tulipomzika mama yangu, miaka mitatu sasa, hujarudi, na mimi pia nilikuwa nasubiri mengine. Nisamehe.

Sijathubutu kumwambia. Nimekuwa natafuta kasoro ya basi, kisha ya treni, kisha ya basi tena, ili tusikate tiketi. Leo baada ya ibada Bibi amesema kasoro zangu zimetosha. Jumatatu ya tarehe 18 tunakwenda kukata za treni.

Naomba uandike ujumbe kabla ya siku hiyo. Ukisema tuje, tutakuja. Ukisema tusije, nitamsomea Bibi neno kwa neno, halafu nitamweleza na lile la Septemba. Lakini, Baba, usiandike tu kwamba upo salama.

Shangazi Winnie anakusalimu, na Mzee Okomo atakusalimu mwenyewe. Bibi ameniona naandika, nikamwambia naulizia njia. Anasema nikuulize na hili: aje na sweta moja au mawili?

Mimi mwanao,
Selina Nkwabi