Karatasi ya Stoil Kwenye Chemchemi

Suhodren, 6 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Georgi

Mwanangu Yasen,

Nakusalimu wewe, mkeo na Elitsa wangu. Hamjambo huko? Mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kubeba vifurushi? Huku tupo, tunamshukuru Mungu. Magoti yangu yanalia kama mlango wa zizi, na baba yako Dobri ana kikohozi chake kile kile, ila ukimwambia aende kwa daktari anasema daktari ndiye mgonjwa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunaulizana mvua tu. Nimeona tangu mazishi ya ndugu yako hatuna maneno mengine. Karatasi haimkatizi mtu maneno. Barua hii nampa dereva wa basi la Leipzig, pamoja na mitungi miwili ya pilipili za kusaga.

Sasa nikuungamie jambo. Mwaka jana siku ya Pasaka nilimwambia Elitsa aje kiangazi. Akaniambia, "Bibi, kwenu hakuna kitu." Nikamwuliza, hakuna kitu vipi, na mimi ni nini? Akacheka. "Kwenye ramani ya mchezo, Bibi. Suhodren ni kijani tupu, hakuna hata kituo kimoja. Nitafanya nini wiki mbili?"

Basi akanieleza. Ni ule mchezo wa simu unaochezwa kwa kutembea. Penye sanamu, kanisa au ukuta uliochorwa kunakuwa na kituo, ukifika unaokota vitu vyako. Na mchezaji anaweza kupendekeza mahali pa kwao pawe kituo, lakini lazima awe amefika daraja la juu, na awe amesimama palepale.

Mwanangu, nimetembea mwaka mzima. Hukujua, hakuna aliyejua ila baba yako na Padri Sava. Kila Jumapili nikienda ibada kule ng'ambo ya mlima, saa nzima kwa miguu, nakamata wale wanyama wa kwenye simu njiani. Mwanzo niliogopa, wengine wana pembe. Nikamwuliza Padri Sava kama ni dhambi. Akasema, "Velika, shetani wa kweli hahitaji chaji." Baba yako yeye akiniona natoka huniuliza, "Leo unakwenda kwa Mungu au kwa mijusi?"

Wiki iliyopita nikafika daraja linalotakiwa. Nikapendekeza kiota cha korongo kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba ya jirani yetu Mitra. Wamekataa! Korongo yule yupo pale tangu mimi msichana. Kwa nini wamekataa? Wewe unaucheza mchezo huu miaka, nieleze wanataka nini. Nataka kituo kimoja tu, ili mwanao asiseme kwetu hakuna kitu, na ili uje naye. Hujakanyaga hapa miaka mitatu.

Mama yako

*

Leipzig, 19 Mei

Mama mpendwa,

Nakubusu mkono, na Baba pia. Sisi wazima. Mgongo unaendelea hivyo hivyo. Pilipili zimefika, mtungi mmoja umekwisha.

Sikujua unatembea hivyo. Magoti hayo yaonee huruma.

Kiota wamekataa kwa sababu ni kitu cha asili. Mti, mto, mlima, mnyama, vyote havikubaliwi mpaka pawe na kitu kilichotengenezwa na mtu, na kiwe cha kudumu. Nyumba ya mtu hapana, ua wake hapana, shule hapana. Kaburi hapana. Kumbukumbu ya mtu wa kawaida, asiyejulikana na watu wa mbali, nayo hapana. Mahali pafikike kwa miguu bila hatari. Picha iwe safi: isiwe na sura ya mtu, wala namba ya gari, wala kidole chako. Kisha andika maelezo mafupi kwa nini mgeni apapende. Wanaoamua ni wachezaji wenzako wa madaraja ya juu, wasiokujua nawe huwajui. Wanapiga kura.

Kuhusu kuja, tutaona. Kazini hapatabiriki.

Mwanao Yasen

*

Suhodren, 8 Juni

Yasen mwanangu,

Nakuombea siku zote, na leo natumaini barua inakukuta umekaa na si umesimama. Hapa joto limeanza mapema na mvua hakuna. Baba yako anamwagilia nyanya kwa ndoo huku anazitukana.

Nimezisoma sheria zako hata nikazikariri kama sala. Nikazunguka mtaa wetu wote, nyumba kumi na moja zinazotoa moshi, naangalia kilichotengenezwa na mtu, cha kudumu, kisicho nyumba ya mtu. Mitra akanifuata nyuma. "Unatafuta nini, dada, umeangusha meno?" Nikamwambia natafuta kitu cha kumleta mwanangu.

Kipo kimoja tu. Ni chemchemi.

Wewe hujaiona ilivyokuwa baada ya kumalizika. Baba yako aliijenga peke yake kwenye kona ya barabara, mawe aliyabeba kutoka mtoni kwa toroli, mdomo wa shaba aliununua kwa fundi wa mjini. Aliimaliza siku ndugu yako Stoil alipotimiza mwaka mmoja tangu afe. Maji yake baridi mpaka meno yanauma. Wenye baiskeli husimama, madereva wa malori ya mbao husimama, wanakunywa, wanapangusa mdomo na kusema, "Mungu amsamehe." Ndiyo kazi yake. Ndiyo maana mtu humjengea maiti wake maji na si sanamu, ili wageni wenye kiu wamwombee bila kuombwa.

Basi nikasimama palepale, nikapiga picha. Nikaandika hivi: "Chemchemi hii ilijengwa na baba kwa ajili ya mwanawe Stoil, aliyeanguka kutoka juu ya paa akafa akiwa na miaka thelathini na mmoja. Maji ni mazuri sana. Kunywa, useme neno kwa ajili yake." Elitsa alinisaidia kuituma kwa kunielekeza kwenye simu. Akasema, "Bibi, hii wataipenda."

Naomba na wewe uiombee. Ikikubaliwa, mje kwa sikukuu ya Mama wa Mungu, Agosti. Nitachemsha ngano ya kuwakumbuka wafu, nitaoka mkate.

Mama yako

*

Suhodren, 10 Julai

Mwanangu,

Salamu za mimi na baba yako. U mzima? Mwezi umepita hujajibu. Nilimwuliza dereva kama alikukabidhi barua mkononi, akaapa.

Wameikataa chemchemi. Sababu zimeandikwa mbili: picha ina sura ya mtu, na mahali ni kumbukumbu ya mtu binafsi.

Kwanza sikuelewa, mtu gani? Mimi nilisubiri mpaka pasiwe na mtu barabarani. Nikaifungua picha, nikavaa miwani. Ni Stoil. Ni ile karatasi ya tanzia ya kutimiza miaka mitatu tangu afe, niliyoibandika mwenyewe mwezi wa nne juu ya mdomo wa maji, na picha yake ile ya shati la buluu. Nimezoea kumwona pale kila siku hata sikuona kwamba ni sura ya mtu. Nilikaa chini kwenye jiwe, Yasen. Sijui kama nilikuwa nacheka.

Elitsa ananiambia, "Bibi, itoe karatasi, piga tena, na jina lake usilitaje. Andika tu chemchemi ya wasafiri." Mtoto hana kosa, hakukulia huku. Lakini wewe unajua. Karatasi ya maiti haibanduliwi kwa mkono. Inabandikwa, kisha inaachiwa mvua na jua. Mvua ndiyo inayoitoa, mtu hana ruhusa.

Kuhusu jina nilimwuliza Padri Sava. Akasema Mungu anajua maji yale ni ya nani, hata kama simu haijui. Nimekubali. Nitaandika "chemchemi ya wasafiri." Nilipokubali nilijisikia kama nimemfungia mlango nje, lakini nimekubali, kwa ajili yako na mwanao.

Kwa hiyo sasa nangoja mvua. Haijanyesha tangu mwezi wa tano. Kila asubuhi nakwenda kuitazama karatasi, na yeye ananitazama. Nimechoka, mwanangu. Si miguu.

Niandikie hata mistari miwili.

Mama yako

*

Leipzig, 28 Julai

Mama,

Nakubusu mikono yote miwili. Barua zako zote nimezipata. Dereva hana kosa.

Nimeandika hii mara nne na kuichana. Soma ukiwa umekaa.

Mimi nimo katika wale wanaopiga kura. Kila mmoja wetu huchagua eneo analolijua, na mimi nilichagua kwetu zamani, kabla ya msiba wa Stoil. Mwezi wa sita, mapumziko ya kazini, nimekaa juu ya makasha nakula mkate wangu, nikafungua pendekezo jipya. Likawa chemchemi. Sikuwa nimesoma barua yako bado, ilikuwa mfukoni. Nikamwona Stoil na shati la buluu, lile alilovaa harusini kwangu.

Simu inauliza maswali. Je, picha ina sura ya mtu? Nikabonyeza ndiyo. Je, ni kumbukumbu ya mtu binafsi? Ndiyo. Nikakataa. Wengine pia walikataa, sikuwa peke yangu, na kwa sheria tulikuwa sahihi. Lakini mimi sikukataa kwa ajili ya sheria, Mama. Nilitaka tu aondoke kwenye kioo cha simu yangu.

Kuna jingine. Mwaka ule niliwaambia nimenyimwa likizo ya Pasaka. Sikunyimwa. Niliahidi kuja kumshikia Stoil ngazi, tubadilishe vigae pamoja. Ilipofika siku nikafikiria saa ishirini na tano za basi, nikachoka, nikabaki nimelala kitandani. Siku tatu niko kitandani. Siku ya nne Baba akapiga simu.

Kwa hiyo si kwamba kwetu hakuna kitu. Elitsa angekuja hata kesho. Ni mimi.

Sitarajii unijibu.

Yasen

*

Suhodren, 17 Agosti

Yasen mwanangu, mwana wangu,

Amani ya Mungu iwe nawe. Unakula? Unalala? Nijibu hayo kwanza.

Barua yako ilikuja siku mbili kabla ya sikukuu. Niliisoma nimekaa, kama ulivyosema. Nilikasirika, sitakudanganya. Nilisimama nikaosha vyombo visivyo na uchafu. Kisha nikaenda kanisani, nikawasha mishumaa, mmoja chini kwa maiti na mmoja juu kwa walio hai, na wa juu nikauwasha kwa jina lako. Hasira ikanitoka njiani wakati wa kurudi, mahali fulani kwenye mlima ule.

Na mvua ikaja! Siku ya sikukuu yenyewe, alasiri, mvua ya mawe na kila kitu. Nikachukua mwavuli na simu, nikakimbia na magoti yangu haya, najiambia sasa karatasi imekwenda. Nikafika. Stoil yupo, mkavu, ananitazama. Karatasi imefunikwa nailoni, imebanwa na misumari minne.

Nikarudi nyumbani nimelowa. Baba yako yuko mezani. Nikamwambia, "Dobri, ni wewe?"

"Redio ilisema jana kutakuwa na mvua," akajibu. "Nikaenda kumfunika."

"Mwaka mzima natembea, zaidi ya mwezi nangoja mvua hii!"

"Basi ngoja nyingine. Yule simtoi. Yeye simu imemfanyia nini, hata anyanyuke kuwapisha mijusi?"

Ndipo nikamsomea barua yako. Yote. Sikupanga, iliniponyoka. Alisikiliza bila kukohoa. Nilipomaliza alikoroga supu yake mpaka ikapoa, kisha akasema jambo ambalo mimi mkewe wa miaka thelathini na minane sikulijua. Akasema, "Mimi nilikuwa uani. Aliniita mara mbili nije nishike ngazi. Nikamwambia ngoja nimalize kahawa."

Basi ndiyo sababu ya ile chemchemi, mwanangu. Mimi nilidhani anajenga kwa uchungu tu.

Alilia, nikalia, supu ikamwagwa kwa mbwa. Asubuhi akanyoa ndevu, akaniambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie ngazi haikuwa yake peke yake. Na ile karatasi mimi sitoi, mama yake hatoi, na mvua haitoi, kwa sababu nailoni nimeipigilia vizuri. Aje tuitoe wote wawili, yeye ashike upande huu, mimi ule. Mungu atatusamehe kwa hilo. Kisha mtoto apige picha yake."

Kwa hiyo mwambie Elitsa ramani bado ni kijani tupu, bibi yake ameshindwa. Jina tutaandika lile la wasafiri, nimeridhika, maana wewe utakuwa msafiri wa kwanza. Utakunywa, utapangusa mdomo, utasema lile neno, na baba yako atakuwa amesimama kando.

Dereva anarudi Jumamosi. Niandikie upesi mnakuja lini, nijue siku ya kuchemsha ngano.

Mama yako