Jinsi Arvid Alivyotutoka

Mtaa wa Galveston,
San Diego, California.
14 Novemba 1970

Mpendwa Shangazi Hedda,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu na theluji ya huko Dakota haijakufungia ndani. Sisi tu wazima wa mwili. Mafua ya Kirsten yamekwisha, na jino lake la mbele limeng'oka.

Nisamehe kwa kukawia. Telegramu uliyoletewa ilikuwa na maneno machache, nami najua wewe uliyemlea Arvid kama mwanao huwezi kupata usingizi kwa maneno machache.

Unakumbuka alivyorudi kutoka Vietnam akiwa hasemi. Rafiki yake Gil aliangushwa angani, Arvid akimwona kwa macho yake. Marubani wa jeshi la majini walikuwa wameambiwa kwamba makombora yatamaliza kazi kutoka mbali, kwamba kuzungukana na adui angani ni mambo ya vita vya baba zao. Makombora yakakosa shabaha, adui akaja karibu na vindege vyake vyepesi, na vijana wetu hawakujua la kufanya. "Darlene," aliniambia, "Gil hakuwa mwoga wala mzembe. Hakuna aliyemfundisha."

Basi ilipoanzishwa ile shule ya kuwafundisha marubani kupigana angani mwaka jana, akawa mmoja wa walimu wa mwanzo. Ofisi yao ilikuwa trela kuukuu, viti vya kuokoteza, ndege za kuazima, na wakubwa wengine wakiwacheka. Kazi ya Arvid ilikuwa kujifanya adui. Anarusha ndege ndogo, marubani wa vikosini wanamwandama, na wakishatua anawaonyesha walipokosea mpaka jasho linawatoka upya. Alikuwa akirudi nyumbani shati limemganda mgongoni, lakini akiimba. Tangu afe Gil nilikuwa sijamsikia akiimba, Shangazi.

Siku ile ya ajali alikuwa na mwanafunzi wake, kijana wa Alabama, Luteni Pruitt. Walizungukana juu ya bahari, mazoezi tu, bila risasi. Pruitt akamweka pabaya. Arvid akakata kona kali kumkwepa, ndege ikaishiwa nguvu, ikaanza kushuka ikijizungusha kama jani. Alijirusha nje, ila maji yalikuwa karibu mno. Mwavuli haukuwahi kufunguka.

Baada ya mazishi Pruitt alikuja hapa. Meza imejaa sahani za majirani, tambi na samaki wa kopo, naye hataki hata kuketi.

"Mama, mimi ndiye niliyembana."

"Alisema nini mwishoni?"

"Alisema redioni, 'Safi sana, umenipata.' Alikuwa anacheka, Mama." Kisha akaanza kulia. "Afadhali niache kuruka."

Nilitaka kumwambia aache. Nilitaka waache wote, na lile trela lichomwe moto. Lakini nilipoona alivyo kijana bado nilimfikiria mama yake.

"Ukiacha, acha kwa sababu zako, usimsingizie Arvid," nikamwambia. "Ila kama utakwenda vitani, kwanza maliza masomo. Usiende kama alivyokwenda Gil." Wala Pruitt hakumjua Gil.

Alimaliza. Jana alipiga simu kuniaga, meli inang'oa nanga. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nikaweza neno moja tu, "Rudi."

Nyumba hii ni ya jeshi, inabidi tuihame kabla ya Krismasi. Naomba utupokee, Shangazi. Mimi naweza kukamua ng'ombe, nitajifunza na mengine.

Nisalimie Mjomba Tollef, na binamu Sigrid na wanawe. Mungu akutie nguvu, akuwekee mkono moyoni hapo panapouma.

Kirsten ameniuliza kama kuna mahali ndege hazipiti. Nimemwambia kwa Shangazi hupita bata bukini tu. Ameshafunga mzigo wake.

Ni mimi mkweo, nikupendaye kwa moyo wote,
Darlene