Nyaya Mbili Chini ya Klachi

Mzee Seif,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea tu, kalamu imejiendea yenyewe. Marahaba yako siihitaji leo, na hata ungekuwa hai sijui kama ningeingoja.

Ni mwezi na siku chache tangu tukuzike. Gereji imefungwa, wale mafundi wako wawili wamehamia mtaa wa pili, na pale ulipokuwa ukiweka benchi lako sasa mama mmoja anapanga ndoo za plastiki. Kariakoo haimsubiri mtu, ulikuwa ukisema mwenyewe, na kweli hata wewe haikukusubiri. Pikipiki yako nyekundu ameichukua Salma. Anawapelekea wateja vitenge kutoka dukani kwa shangazi yake, mpaka Kigamboni anafika, anavuka na kivuko pale Magogoni na mzigo wake nyuma. Ungemwona ungejifanya umekasirika kwamba binti yako anaendesha pikipiki mjini, halafu ungejisifu mtaa mzima.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Stata imegoma. Kiki inawasha, lakini kiki na baibui havipatani, na siku moja ilimzimikia katikati ya foleni ya kivuko, watu wakampigia honi mpaka akatamani kulia. Nikamwambia mimi siku hizi ni fundi wa feni, pikipiki niliziacha. Akanijibu, "Kaka Rajabu, baba alikuwa akisema ukimtoa yeye, hakuna mwenye mkono kama wako."

Ulisema hivyo lini, Mzee? Na kwa nini ulimwambia Salma, mimi mwenyewe usiniambie?

Nikaenda. Nikaanza kama ulivyonifundisha, maana njia nyingine siijui. Usiilaumu betri kabla hujaiuliza honi. Nikapiga honi, ikalia mpaka jirani akachungulia dirishani. Betri nzima. Nikabonyeza kitufe cha stata: kimya, hata ule mlio mdogo wa rilei, kile kikasha kinachopeleka umeme kwenye mota, haukusikika. Fyuzi nzima. Nikagusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya rilei, cheche zikaruka, mota ikazunguka. Basi mota haina kosa, umeme unakatikia huku kwenye kitufe na njia yake. Salma alikuwa amekaa kizingitini anakula embe bichi na pilipili, ananitazama. Nilikuwa na furaha, nakiri. Miaka sita sijashika pikipiki, na mikono haikuwa imesahau kitu. Nilikuwa nakusimulia kimoyomoyo kila hatua, nikikuona unaitikia kwa kichwa.

Nikafuata waya mpaka kwenye usukani, chini ya mkono wa klachi. Swichi ya klachi ilikuwepo, lakini ilikuwa pambo tu. Nyaya zake mbili zilikuwa zimekatwa, zikasokotwa pamoja, zikafungwa kwa kipande chembamba cha mpira wa tyubu. Maji ya mvua yalipenya, shaba ikaota ukungu wa kijani, ikakatika. Ndiyo maana stata iligoma.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Wewe ndiye uliyetuambia siku ya kwanza kwamba swichi ile ina kazi moja: stata isizunguke mpaka mtu ashike klachi, ili pikipiki iliyo kwenye gia isimrukie mwenyewe. Ikisumbua, mafundi wa haraka huikwepa, wanaunganisha nyaya moja kwa moja. Kwako hiyo ilikuwa haramu. Ulisema fundi anayefanya hivyo amemtegea mteja mtego na kumpa funguo. Na kwa kosa hilo hilo ulinifukuza.

Sijasahau hata kidogo, Mzee. Ilikuwa siku mbili kabla ya Idi, pikipiki zimejaa mpaka barabarani. Bwana Kombo, yule muuza viungo, akapanda yake, akabonyeza kitufe bila kushika klachi na gia imo. Ikaruka naye mpaka kwenye mkokoteni wa vitunguu, mguu ukavunjika mara mbili. Watu wakajaa. Ukaifungua pale chini ya klachi, ukawaonyesha nyaya zilizofungwa pamoja ndani ya mpira wa tyubu, halafu ukaninyooshea bisibisi mbele ya mtaa mzima. "Ni huyu. Nimemkataza mara ngapi."

Sikubisha. Unajua kwa nini sikubisha? Kwa sababu sikuwa na uhakika. Mara mbili tatu, ukiwa msikitini, niliwahi kuwaunganishia wateja waliong'ang'ania, hilo silikatai. Na sote tulikuwa tukifunga kwa mpira wa tyubu, wewe ndiye uliyetufundisha. Nikasema moyoni, labda ni mkono wangu, uchovu umenisahaulisha. Nikainamisha kichwa, nikaondoka na kandambili zangu. Tangu siku hiyo hakuna fundi Kariakoo aliyenipa hata plagi nisafishe. Nikajifunza feni. Na kila Idi nilikwenda Magomeni kwa Bwana Kombo, nikapeleka halua, nikampa shikamoo, nikamwomba radhi. Alikuwa akipokea. Miaka sita alikuwa akipokea!

Sasa nilikuwa nimeshika nyaya za pikipiki yako mwenyewe, na zilikuwa zimesokotwa kinyume. Sisi wote tuliopita kwako tunasokota kwenda kulia. Wewe peke yako ulikuwa mtu wa shoto. Kula ulikula kwa mkono wa kulia kama ulivyolelewa, kalamu ulishika kwa kulia, lakini koleo lilikuwa la mkono wa kushoto, na nyaya zako zilikwenda kushoto. Tulikuwa tukikutania kwamba kazi yako hata kipofu ataijua kwa kupapasa.

Nilimwomba Salma aniache, nitarudi kesho. Nikapanda boda mpaka Magomeni.

Bwana Kombo hakuipanda tena pikipiki yake tangu ajali. Iko pale pale chini ya ngazi, imefunikwa turubai, kuku wanalala juu ya kiti. Alidhani nimekuja kumpa pole ya msiba. Sikumwomba hata ruhusa, nikafunua, nikapiga magoti, nikatoa mpira. Zilikuwa zimesokotwa kwenda kushoto. Nikamwangalia. Alikuwa ameegemea fimbo yake, na wala hakushangaa.

"Nilimwambia mimi aunganishe," akasema. "Swichi ilikuwa inasumbua, nami nilikuwa nawahi mzigo. Nilisimama pale pale akifanya."

Nikamuuliza basi miaka yote hii mbona alininyamazia. Akasema wewe ndiye uliyemwomba. Ulimfuata hospitali, ukamwambia jina la gereji likichafuka mafundi wote mtakosa riziki, ila mimi bado kijana, nitapata kazi popote.

Nitapata kazi popote.

Halua yangu ilikuwa inaliwa na mtu aliyejua. Mzee, nilitaka kumsukuma na fimbo yake. Sikumsukuma. Niliondoka bila kuaga, nikatembea kwa miguu mpaka Jangwani, matope yamejaa kote baada ya mvua, na njia nzima nilikuwa nakutukana. Matusi yenyewe siyaandiki hapa, yalikuwa mabaya na sijayatubia.

Lakini lililoniuma kuliko yote si hilo. Siku ya maziko, kabla hatujainua jeneza, kaka yako alisimama mlangoni akasema kama ilivyo desturi: kama kuna mtu marehemu alimkosea, tunamwombea msamaha. Watu wakajibu wamesamehe. Mimi nilijibu kwa sauti kuliko wote, mpaka watu wakageuka kuniangalia. Nilijibu hivyo kwa sababu nilidhani mimi ndiye niliyekukosea wewe. Nilidhani umekufa na kinyongo nami, na nilikuwa nalia kwamba sikuwahi kukuomba radhi. Nikabeba jeneza lako mpaka makaburini bila kupokezana, bega likachubuka.

Mwizi hata akifa huwa anaacha alichoiba, warithi wakirudishe. Wewe uliniibia jina langu ukaenda nalo, na juu yake nikakupa msamaha kwa mkono wangu mwenyewe. Na bado wanaposema fundi hodari Kariakoo wanakutaja wewe, nami nakubali, maana ni kweli. Hilo nalo linaniudhi. Ungekuwa fundi mbovu ningekuchukia kwa raha.

Siku ya pili nikarudi kwa Salma. Nikaweka swichi mpya ya klachi, nikaunganisha nyaya zake kwa kuziyeyushia risasi kama inavyotakiwa, nikafunga vizuri maji yasiingie. Nikamwambia ajaribu bila kushika klachi. Kimya. Akashika, akabonyeza, ikawaka mara moja. Akacheka mpaka akaziba mdomo. Akaniuliza ubovu ulikuwa nini, nikamwambia swichi, unyevu uliingia. Akasema baba angekuwepo angefurahi kuniona. Nikainama kukusanya spana, macho yananiwasha, naye akadhani ninakulilia wewe. Akaniletea maji. Labda nilikuwa nakulilia kweli, sijui, Mzee. Kuna saa natamani ungekuwa hai ili nikugombeze, na nikimaliza tunywe kahawa.

Bwana Kombo nimemtumia ujumbe. Nimemwambia yeye bado ana mdomo, basi akasimame nao pale mtaani mbele ya wale wale waliosikia, aseme ni nani aliyesokota zile nyaya. Hajajibu. Asipokwenda nitakwenda mimi, na zile nyaya za pikipiki yake nilizikata siku ile ile, ninazo mfukoni. Usinilaumu. Jina langu ni langu, nalitaka.

Salma nakuahidi sitamwambia mimi. Akiyasikia mtaani akaja kuniuliza, sitamdanganya, lakini nitamwambia taratibu, na nitamwambia pia kwamba ulinifundisha kila nilichonacho. Pikipiki yake nitaitunza mradi anaipanda. Hiyo ni ahadi, nayo ni kwa ajili yake.

Na lile neno langu la mlangoni kwako siku ya jeneza, nalichukua tena. Ulilipata bila haki, nilikuwa sijui ninachokutolea. Hapo ulipo huna msamaha wangu. Nitakuja makaburini kila Ijumaa nijaribu tena kulitamka, na siku likitoka la kweli utalisikia.

Kwaheri, Mzee.

Rajabu