Mstari Chini ya Tisa

Makongeni, Nairobi
Julai 1994

Mjukuu wangu Barasa,

Hujambo huko Mombasa? Huku tu wazima, ila miguu yangu hainitii tena. Babako angali kiwandani, anakusalimu.

Umeuliza mbona jezi niliyokushonea ina mstari chini ya tisa, na wenzako wanacheka. Wacha wacheke.

Ligi ya taifa ilipokuwa changa, kaka yangu Wafula aliichezea timu ya mtaa wetu, na namba za jezi nilizishona mimi. Siku moja, kwa haraka zangu, nikashona tisa yake kichwa chini, ikawa sita. Siku hiyohiyo akafunga bao, na mtangazaji wa redio akamtaja mwenzake, namba sita wa kweli. Nililia. Wafula akanicheka: "Wacha, dada. Si limeingia?"

Hakufunga jingine. Kabla ligi haijaisha tulimpeleka Bungoma kumzika.

Baada ya matanga mama akaniuliza, "Aliniandikia kwamba alifunga. Mimi nilikaa kwa redio ya jirani, sikusikia jina lake. Mbona alinidanganya?"

Nikamletea jezi. "Hakukudanganya, mama. Kosa ni langu."

Akaigeuza juu chini, akaipapasa ile namba mpaka chai ikapoa.

"Bao hilo nililipigia makofi," akasema. "Kumbe mtoto alikuwa wangu."

Mstari huo usiufumue, mjukuu wangu.

Nyanya yako